Wikendi ya tamasha na makumbusho Lamu: mwongozo kamili kwa familia inayoishi ugenini

Familia inayoishi nchi ya watu huwa na kishawishi kimoja kila ikifika Ijumaa jioni: kujifungia ndani. Wazazi wamechoshwa na kazi, watoto wanataka simu, ndugu wa kutembelea hawapo, na sherehe za mji zinaonekana ni za wenyewe. Sisi ni Watanzania, kwetu Morogoro, tumeletwa Lamu na kazi ya mume wangu bandarini. Kwa niliyoyaona hapa, hakuna kinachowazoesha watoto mji kwa haraka kama kuwatia ndani ya sherehe zake.

Ila sherehe peke yake haitoshi. Mtoto akisimamishwa mbele ya wanaume wanaocheza kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, bila kuambiwa lolote, ataona fimbo na vumbi. Akiwa asubuhi ameshaonyeshwa makumbusho, akaelezwa zumari ni nini na bakora ile inabebwa na nani, jioni atakuvuta kanga akuambie, "Mama, ile pale!" Ndiyo maana mpango wangu una kanuni moja tu: makumbusho asubuhi, tamasha alasiri. Yote yafuatayo yanaifuata kanuni hiyo, na yatamfaa aliyehamia Lamu kama sisi na anayekuja kwa wikendi kutoka Malindi, Mombasa au Nairobi.

Chagua tamasha kwanza

Lamu ina sherehe mbili kubwa ambazo familia inaweza kuzipangia safari.

Ya kwanza ni Maulidi. Kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa mwishoni mwa karne ya 19 na Habib Swaleh, sharifu aliyekuja Lamu kutoka Komoro. Watu huja kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki. Hufanyika kuelekea mwisho wa Mfungo Sita, na kwa kuwa mwezi ni wa kuandama, kila mwaka sherehe husogea nyuma kwa siku kama 11 ukihesabu kwa kalenda ya ofisini. Usishike tarehe ya mwaka jana. Ulizia mapema kwa watu wa Riyadha wenyewe au kwa mwenyeji wako.

Ya pili ni Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida huwa Novemba. Hapo kuna mashindano ya jahazi na ya punda, bao, mashairi, ngoma za visiwani, hina, mapishi na maonyesho ya harusi ya Kiswahili. Kwa familia yenye watoto wa shule mwezi huo unafaa sana, kwani likizo ndefu ya Kenya huwa imeanza au i mlangoni. Baharini nako kusi limekwisha na kaskazi haijashika, hivyo maji huwa matulivu. Tahadhari ni mvua za vuli. Beba mwavuli.

Ushauri wangu kwa familia ngeni ni kuanza na tamasha la Novemba, kisha Maulidi ya mwaka unaofuata. Maulidi ni ibada kabla ya kuwa burudani. Yana michezo yake pembeni, punda, kuogelea na bao, lakini moyo wake ni kasida, matari na zefe, yale maandamano ya kuimba, na mtu huyafaidi zaidi akiwa na mwenyeji wa kumkalisha mahali pake. Wanawake wana upande wao na wanaume wao. Asiye Mwislamu hafukuzwi. Atavaa kwa heshima, atakaa nje ya msikiti walipo watazamaji wengine, na hatapita mbele ya watu wanaosoma. Ukishaishi mjini mwaka mzima utakuwa na jirani wa kukuambia, "Njoo ukae nasi."

Ukishachagua, tafuta chumba siku hiyohiyo. Wiki za sherehe nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Familia iombe nyumba yenye dari ya juu iliyo wazi, maana watoto watahitaji pa kupumulia upepo ukivuma, na iulizie mitaa miwili, Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini. Mkomani ni karibu na makumbusho. Langoni ni karibu na Riyadha. Tamasha ndilo litakaloamua ulale wapi.

Isome ratiba kwa maji na kwa adhana

Hapa ndipo familia nyingi za bara hukwama, na naomba msomaji apasome taratibu.

Ratiba itakayoandikwa kwenye karatasi itakuambia "mashindano ya jahazi, saa nne." Ichukue kama nia njema. Lamu ni kisiwa, na saa yake halisi ni mbili: maji na sala. Jahazi hushindanishwa upepo ukiwepo na maji yakitosha. Ngoma husimama adhana ikisikika. Ukiambiwa "baada ya alasiri," maana yake ni baada ya watu kutoka msikitini, kama saa kumi jioni, wala si saa tisa kamili. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa, kwa hiyo usipange kununua chakula cha watoto saa saba.

Maji yana hesabu yake. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku moja na usiku wake, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga kabisa huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Katikati ya hapo huwa ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kwa pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri, na siku za maji mafu mambo hugeuka. Kwa hiyo kabla hujaweka ratiba ya watoto, tazama mwezi. Ukiwa mpevu, safari za chombo ziweke alasiri na makumbusho asubuhi. Ukiwa nusu, asubuhi inafaa kwa chombo.

Kisha muulize nahodha. Nenda pwani jioni ya kufika kwako, msalimie, mwite nahodha, mwambie unataka kwenda wapi na una watoto wangapi. "Nahodha, kesho maji yako vipi?" Atakuambia. Mara ya kwanza nilipouliza hivyo, tukitaka kwenda magofu ya Takwa, nilijibiwa, "Mamangu, kesho asubuhi Takwa ni tope, ngoja alasiri," na maneno hayo machache yalituokolea siku.

Wasimulie watoto na kisa hiki, kwani kinawafundisha maji kuliko somo la darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 watu wa Lamu walipigana na majeshi ya Pate, kisiwa jirani, na ya Mazrui, watawala wa Mombasa, huko Shela, kijiji cha kisiwani humuhumu. Wavamizi walipozidiwa walikimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa. Wengi waliuawa ufuoni. Baada ya ushindi huo, Lamu ikihofia kulipiziwa kisasi, iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na ngome iliyoko katikati ya mji ilikamilika mwaka 1821. Ukiwasimulia kabla, watakapoiona ngome hawatakuuliza ni jumba gani.

Karatasi, pesa, nguo

Kwa mgeni, karatasi ni jambo la lazima. Barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe, gati la upande wa bara, ina vizuizi vya polisi, na kila mtu mzima huombwa kitambulisho. Beba pasipoti au hati yako ya kusafiria, kibali cha kuishi kama unacho, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Safiri mchana, na ulizia hali ya usalama wa njia kabla ya kukata tiketi ya basi. Mwenye uwezo wa ndege atatua kisiwa jirani cha Manda, kisha avuke kwa boti.

Makumbusho zote nitakazozitaja ziko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Viwango vya kiingilio ni tofauti kwa raia wa Kenya, kwa watu wa Afrika Mashariki, na kwa wageni wa mbali, na watoto hulipa kidogo. Mtanzania au Mganda asiyeonyesha kitambulisho anaweza kutozwa cha mgeni wa mbali, na kwa familia ya watu watano tofauti hiyo inauma. Kitambulisho kiwe mkononi, kisiwe ndani kabisa ya begi. Jiandae pia kulipa kwa simu. Kama bado unatumia laini ya nyumbani, sajili laini ya Kenya kwa pasipoti yako mapema, usitegemee M-Pesa ya Tanzania. Pesa taslimu ndogondogo ni za boti, mishkaki na hina.

Nguo: mabega na magoti yafunikwe, kwa wakubwa na kwa watoto waliokwisha kukua. Kanga mbili za ziada zibebwe, moja ya kujifunika mama, nyingine ya kumkalisha mtoto kwenye baraza. Viatu viwe vya kuvua upesi. Njia za mji ni nyembamba, zina mawe na mavi ya punda, na hazina magari. Kigari cha kusukuma mtoto kiache nyumbani. Mbebe kwa mbeleko.

Ijumaa alasiri: ingieni mji kwa upole

Usipange mengi. Familia itakuwa imechoka, na watoto waliokaa garini tangu alfajiri hawafundishiki.

Baada ya kuoga na kula, tembeeni usita wa mui, ile njia kuu ya ndani inayokatiza mji kutoka Langoni hadi Mkomani. Njiani mtapita Makumbusho ya Posta ya Wajerumani. Ni padogo, mtamaliza upesi, lakini kwa familia ya Kitanzania pana faida yake. Wajerumani walifungua posta hiyo mwaka 1888, kwa kuwa walikuwa na mkataba na sultani wa Witu huko bara, wakaifunga mwaka 1891 baada ya kumwachia Mwingereza eneo hilo. Mwanangu mkubwa, aliyesoma kwao kwamba Mjerumani alitawala Tanganyika, aliuliza, "Kwa hiyo walitaka na huku?" Swali hilo ni zuri. Mwambie ndiyo, na ile Witu mliyoipita kwa basi ndiyo yenyewe.

Malizieni Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Jioni wazee hukaa pale wakizungumza na kucheza bao. Watoto wafundishwe kusalimu kabla ya kusogea: salamu aleikum kwa wote, kisha shikamoo kwa mzee mmoja mmoja akiwa karibu. Wasiguse kete. Wasimame nyuma ya mchezaji, wala si mbele yake. Mzee akiona mtoto ametulia atampa nafasi mwenyewe, na nimemwona mmoja akimwachia binti yangu apande kete za zamu nzima huku akimshikia mkono kwa kidole kimoja tu, bila kusema neno.

Chakula cha usiku kiwe cha barabarani: viazi karai, mishkaki, mkate wa mofa, juisi ya ukwaju. Lala mapema.

Jumamosi asubuhi: makumbusho mawili, yasizidi

Ndiyo siku yenyewe. Wazazi wenye bidii hutaka kuona vyote asubuhi moja. Mimi nasema viwili, na vyote viwili viishe kabla ya adhuhuri. Mtoto aliyechoshwa na makumbusho ataichukia na ngoma.

Anzeni saa tatu kwenye Makumbusho ya Lamu, jengo la ghorofa lililo pwani lenye veranda na mizinga mlangoni. Chukueni mwongoza wageni wa hapo. Ni vijana na wazee wa mji, wanajua zaidi ya yaliyoandikwa ukutani, na watazungumza nanyi kwa Kiswahili mkiomba. Jambo hilo la mwisho lisemeni waziwazi, kwa kuwa familia ikionekana ngeni huanziwa kwa Kiingereza.

Msipite kila kabati. Wapeni watoto vitu vitatu vya kuwinda: siwa, mtepe, na zumari.

Siwa ni baragumu kubwa la wakubwa. Iko ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na iko ya Lamu ya shaba. Zilipulizwa katika harusi na shughuli za koo zenye cheo, na si kila mtu aliruhusiwa kupigiwa. Muulize mtoto: kwa nini mji uwe na ngoma ya kila mtu na baragumu ya wachache? Msikilize.

Mtepe ni chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Hapa mtaona sanamu yake ndogo. Wakae chini watazame mishono kwenye mbao. Alasiri wakiona jahazi za leo zikishindana, zenye misumari na tanga la kitambaa, watakuwa na cha kulinganisha. Aliye na siku ya ziada anaweza kuwapeleka Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, mafundi wanakounda vyombo mpaka leo.

Zumari na ngoma ziko pamoja na vitu vya arusi. Hapo mwombe mwongozaji akuelezee vugo, wanawake wanavyogonga pembe kwa vijiti huku wakiimba. Mkibahatika mtaiona usiku.

Pumzikeni, kunyweni maji, kisha mwende Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, iliyo ndani ya vichochoro. Ni nyumba ya mawe ya karne ya 18 iliyotengenezwa upya, na kwa maoni yangu ndiyo makumbusho bora kuliko zote za Lamu kwa watoto, kwa sababu wanaingia ndani ya kitu chenyewe. Kuna daka, ukumbi mdogo wenye baraza mlangoni, alipokaa bwana na wageni wake. Ukiingia, njia inapinda, ili anayepita nje asione ndani. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha misana miwili, kumbi ndefu, kisha ndani, chumba cha faragha.

Waambie watoto wapime upana wa chumba kwa hatua zao. Watashangaa: chumba ni kirefu sana lakini chembamba. Sasa watazame juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuwa ndefu kuliko mti wake ulivyo. Mwenye nyumba alikuwa na mali ya kupamba ukuta mzima kwa zidaka, vile vidirisha vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu kwa ajili ya sahani za Kichina na misahafu, lakini hakuweza kuupanua upana. Msitu ndio uliomkatia chumba. Mwanangu mdogo alilala chali sakafuni kuzihesabu boriti, na mzee wa pale akamwacha.

Msiondoke bila kuona birika la maji bafuni. Wenyeji huweka samaki wadogo ndani yake, wanaokula viluwiluwi vya mbu. Watoto watakaa hapo kuliko mahali pengine popote, na ni sawa.

Mchana: lala

Kuanzia saa sita hadi saa tisa na nusu msiwe juani. Huu si wakati wa kupoteza, ni sehemu ya ratiba. Kuleni samaki wa kupaka au pilau, kisha laleni. Mji wenyewe unalala.

Kama kuna jirani au mwenyeji aliyewakaribisha kwa chakula, basi mchana huo ni wake. Beba kitu: haluwa, sukari, matunda, au kanga kwa mama mwenye nyumba. Vua viatu mlangoni. Baba na wavulana wakubwa huenda wakakalishwa barazani, mama na watoto wadogo wakaitwa ndani, na msishangae wala msidai kukaa pamoja. Kula kwa mkono wa kulia. Ukiambiwa ongeza, ongeza kidogo. Kwa familia iliyo mbali na bibi na mashangazi, mwaliko kama huo una thamani kuliko tiketi yoyote, na mtoto wako akimwita mwenye nyumba "bibi" akaitikiwa, hapo ndipo ugeni huanza kupungua.

Jumamosi alasiri na usiku: tamasha

Tokeni baada ya sala ya alasiri. Kwanza wekeni makubaliano: mkipotezana, mtakutana Mkunguni, kwenye mlango wa ngome. Kila mtoto awe na namba ya simu ya mzazi, iliyoandikwa kwenye karatasi mfukoni au kwa kalamu kwenye mkono. Umati wa pwani ni mpole lakini ni umati.

Mashindano ya punda hufanyika kando ya bahari. Punda hukimbia katikati ya watu, wakati mwingine mmoja hukataa au hugeuka, na watazamaji hurudi nyuma kwa pamoja. Msisimame mstari wa mbele na watoto. Tafuteni baraza lililoinuka au ngazi ya nyumba, ombeni ruhusa, kaeni hapo. Punda wa Lamu hubeba mchanga, mawe na maji mwaka mzima, na mji una hospitali yao ya hisani tangu miaka ya 1980. Mtoto anayependa wanyama atafurahi kupelekwa huko asubuhi yoyote ya kazi.

Jahazi huonekana vizuri mkiwa gatini, au mkikodi mashua mkae mbali na njia ya mashindano. Kwa mashua sharti langu ni moja: kila mtoto avae jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka ufukweni. Likikosekana, tazameni kutoka nchi kavu. Mfundishe mtoto kutazama manahodha wanapogeuza tanga, maana watu hushinda na kushindwa pale.

Kwenye hina muwe macho. Hina ya majani ni kahawia au nyekundu, hukaa saa kadhaa kabla ya kushika. Ile nyeusi ti, inayokolea upesi, huenda imechanganywa na rangi ya nywele, na rangi hiyo huweza kuunguza ngozi ya mtoto na kumwachia alama. Muulize mpambaji ametia nini. Akisema ni piko, mtoto asipakwe. Mwombe hina ya kawaida, nawe uwe na subira.

Ngoma huanza kukolea baada ya isha. Kirumbizi ni ya wanaume: wawili huingia uwanjani na fimbo, wanapigana kwa mchezo, zumari inalia, mtu wa tatu anaingia kumpokea aliyechoka. Simameni penye duara la nje, na watoto wabebwe mabegani. Picha zipigwe kwa ruhusa. Kupiga uwanja mzima ukiwa mbali hakuna neno, lakini kumsogezea simu mwanamke aliyevaa buibui usoni kwake ni kumvunjia heshima, na kwenye vugo na mambo ya arusi simu ikae mkobani kabisa.

Saa tatu na nusu usiku watoto wadogo warudi kulala, na mzazi mmoja aweza kubaki na wakubwa. Gawaneni zamu mapema ili asinung'unike mtu.

Jumapili: ngome au Takwa, kulingana na maji

Maji yakiwa mazuri asubuhi, nendeni Takwa. Ni magofu ya mji wa Waswahili katika kisiwa cha Manda, uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17 kisha ukahamwa. Chombo huingia kwa mkondo mwembamba katikati ya mikoko, na maji yakipungua mkondo huo haupitiki. Ndiyo maana nahodha huwahimiza watu kurudi, na akisema "twendeni," mwende. Kuna msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, kaburi la mnara, na mibuyu mikubwa. Watu wa Shela bado huja hapa kuzuru na kusoma dua, kwa hiyo watoto wasipande kaburi. Bebeni maji ya kunywa na chakula chepesi, maana hakuna duka.

Maji yakikataa, ngome ipo. Ilikuwa gereza hadi mwaka 1984, na kuta zake nene zinaeleweka upesi zaidi mkijua hilo. Pandeni juu mtazame Mkunguni, mahali mlipokuwa jana usiku.

Wanaorudi bara wawe gatini mapema. Siku ya kufunga tamasha boti za Mokowe hujaa, na basi halimngojei mtu. Kateni tiketi ya kurudi siku ile mnayofika, na muulize saa ya basi kwa kurudia, "asubuhi au usiku?", kwa sababu wakataji tiketi wengine husema saa za Kiswahili na wengine za Kizungu.

Ukiwa unaishi Malindi

Kanuni ni ileile. Sherehe yako ni ya kumuenzi Mekatilili wa Menza, ambayo kwa kawaida hufanyika Agosti, nayo huangukia likizo ya shule. Mekatilili ndiye mwanamke wa Kigiriama aliyewainua watu wake mwaka 1913 dhidi ya kodi na kazi za kulazimishwa za Mwingereza, akiwakusanya kwa ngoma ya kifudu. Alikamatwa, akapelekwa magharibi ya Kenya, akarejea. Sanamu yake iko katika bustani yenye jina lake mjini Malindi, na siku ya sherehe mtawaona akina mama wamevaa hando, ile sketi ya asili ya Kigiriama.

Asubuhi anzeni Makumbusho ya Malindi, au nendeni Gede, kama kilomita 15 kusini mwa mji, magofu yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Gede iko ndani ya msitu, ina kivuli, na watoto wanaweza kutembea nyumba hadi nyumba, msikiti hadi kisima, bila jua kuwachosha. Chakula kifungeni ndani ya mkoba wenye zipu. Kima wa pale wameshazoea watu, na ndizi ikionekana mkononi mwa mtoto haitabaki.